Una mashine moja ya kukamua alizeti? Ongeza miezi ya kazi kabla hujanunua ya pili

Nakamua alizeti Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, na swali ninaloulizwa sana na vijana wenye mashine moja ni hili: "Kaka, nipate wapi mkopo niongeze mashine ya pili?" Na mimi huwa nawauliza hiyo ya kwanza inafanya kazi miezi mingapi kwa mwaka. Hapo ndo watu wananuna. Wengi ni mitano, sita ukijitahidi sana. Alizeti yetu ya huku kati inavunwa kuanzia mwezi wa tano, ikifika Desemba mbegu zimekata, mashine inafunikwa turubai, vijana wanapewa nauli wanarudi kulima, alafu msimu ukianza unakuta yule mwendesha mashine uliyemfundisha mwenyewe kashachukuliwa na mtu mwingine. Sasa ukiweka mashine mbili zitamaliza mbegu zilezile kwa miezi mitatu. Umeajiri nani hapo? Umeongeza deni tu.

Kwahiyo mwongozo huu ni wa kuifanya hiyo hiyo mashine moja ilishe watu mpaka mwezi wa nne mwakani.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya gunia za kiangazi na gunia za masika

Chukua karatasi. Tuseme mashine yako ndogo ya kichina inameza gunia 20 kwa siku msimu ukiwa umechanganya. Masika hutahitaji 20, unahitaji kiasi cha kutosha kulipa watu na umeme, tuseme 8. Mara siku 26 mara miezi minne, Januari mpaka Aprili, ni gunia 832. Kama gunia ni elfu 50 (huo ni mfano, weka bei ya kwenu) hiyo ni milioni 41 na laki 6. Usishtuke ukafunga ukurasa, hatua ya 3 inaipunguza karibu nusu. Ila namba hii lazima uwe nayo ukutani kabla ya mwezi wa sita, kwasababu ndo inakwambia kila wiki ya mavuno utenge gunia ngapi zisiguswe. Asiyekuwa nayo anakamua kila kinachoingia, bei ya mafuta ikiwa chini kabisa, kisha Januari anaangalia mbegu zikipanda bei na yeye hana hata debe.

Hatua ya 2: Nunua mbegu kavu, kwa kilo

Hapa ndo pesa inapotea kimya kimya kwahiyo nitakaa kidogo.

Mbegu ya kukamua leo inaweza kukusamehe unyevu, mbegu ya kulala ghalani miezi sita haisamehi, inapata joto, inaota ukungu na mafuta yake yanakuja na harufu. Ukiweza pata kipima unyevu, lenga chini ya asilimia 10. Kama huna, tumia bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea mbegu ndani ya gunia. Chomeka katikati ya gunia na chini, sio juu tu maana juu kila mtu anaweka zilizokauka, toa mbegu kumi uzing'ate moja moja. Kavu inapasuka kwa mlio, ile mbichi inabonyea kwenye meno kama inakubembeleza. Zikibonyea tatu kati ya kumi, mwambie mwenye mzigo aanike kwenye turubai siku mbili arudi, usimfukuze, mpe na turubai lenyewe kama unalo.

Alafu mizani. Achana na lumbesa (gunia la kujazwa kupita kiasi) na mambo ya debe la kugongagonga. Weka mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, iwe mahali mkulima anaisoma mwenyewe. Juzi kati mama mmoja alikuja na gunia tatu, akasimama mbele ya mizani akasema, "Mwanangu, hii yenu nayo ina mkono?" Nikamwambia, "Mama, panda wewe kwanza." Akapanda, akacheka, maana kilo zake anazijua toka zahanati. Gunia zikapimwa, alipofika kijijini akaleta majirani. Mkulima akiamini mizani yako hata anayelipa zaidi kidogo barabarani hatamchukua kirahisi.

Uliza pia ni mbegu gani. Ile Record ya zamani inatoa mafuta kidogo kuliko chotara kama Hysun 33, kwahiyo kununua zote kwa bei moja ni kujidanganya. Gunia la kilo 65 litakupa lita 15 mpaka 20 hivi, tofauti ni mbegu, ukavu na hali ya mashine. Andika kila mzigo umetoa lita ngapi, baada ya msimu mmoja utajua kijiji gani ukifuate mapema.

Hatua ya 3: Acha gunia za wakulima zilale kwako

Sio kila gunia lililoko ghalani lazima liwe lako. Wapo wakulima hawataki kuuza kwa bei ya Juni na nyumbani hawana pa kuweka, panya wanamaliza. Wape nafasi. Anapima, anapewa risiti yenye kilo, wewe unabaki na nakala, atakuja kukamua kidogo kidogo akihitaji hela ya ada au ya mbolea. Malipo mnakubaliana, wengine wanalipa kwa gunia, wengine wanakuachia mashudu, yale mabaki ya mbegu baada ya kukamuliwa. Nusu ya zile 832 zikiwa za namna hii, mtaji wa mbegu umeshuka mpaka milioni 20 na laki 8.

Ila kuna sharti moja halina mjadala: mbegu ya mtu usiikamue ukasema utairudisha. Ukifanya hivyo mara moja habari inafika Mlali kabla ya jioni. Gunia zikae juu ya chaga, mbali na ukuta, na jina limeandikwa kwa maka peni.

Hatua ya 4: Mashudu yalipe mishahara

Watu wanayaona mashudu kama takataka za kazi, kumbe kila gunia linakuachia kilo 40 hivi. Gunia 8 kwa siku ni zaidi ya kilo 300. Wafuga kuku na ng'ombe wa maziwa Dodoma mjini wanayataka mwaka mzima, na wafanyabiashara wa Kenya wanayafuata na malori. Hela yake iweke kwenye namba ya simu ya peke yake, usiichanganye na ya mafuta, na iwe ya mishahara ya Januari mpaka Aprili. Yakitoka kwenye mashine yamwage chini yapoe kabisa ndo ufungashe, ukifunga ya moto yanavunda humo humo.

Hatua ya 5: Mafuta yakae, yachujwe, yapate alama

Yaache yatuame siku kadhaa, chuja, kisha jaza. Na tafadhali hizi chupa za maji zilizookotwa, zimepangwa juani barabarani toka asubuhi, tuachane nazo, jua linaharibu mafuta na hakuna supamaketi ya Dodoma itakayokupokea hivyo. Nenda ofisi ya mkoa ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) upate barua ya utambulisho uende nayo TBS (shirika la viwango, ndo wenye alama ya ubora), mjasiriamali mdogo anapata nafuu ya gharama kwa njia hiyo. Mwambie mkaguzi ukweli kuhusu jengo lako, atakuonyesha cha kurekebisha.

Hatua ya 6: Makaratasi na mkopo

Jina la biashara unasajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), mtandaoni, uwe na namba ya NIDA. TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA, leseni halmashauri. Hivi vinaisha haraka kuliko watu wanavyotisha. Mauzo yapite lipa namba, maana mkopeshaji anasoma stetimenti, hasomi sura.

Kama mko kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ulizieni mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Kwenye andiko lenu andikeni mbegu, sio mashine, na ombeni mapema ili hela ifike mwezi wa sita. Hela ya mbegu ikiingia Novemba ni ya kununulia kwa bei ya walanguzi.

Hatua ya 7: Ajiri kwa mkataba

Wa kwanza kumshika mwaka mzima ni mwendesha mashine, wa pili ni wa ghala na mizani. Mbeba gunia utampata sokoni siku yoyote. Mpe mkataba wa maandishi, masaa yasizidi 45 kwa wiki bila ovataimu, likizo siku 28 kwa mwaka. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 20 ya mshahara na angalau nusu yake unatoa wewe, WCF (mfuko wa fidia kwa mfanyakazi anayeumia kazini) ni nusu asilimia na hiyo ni ya mwajiri peke yake. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE (kodi ya mshahara). Ukifikisha wafanyakazi 10 inaingia na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), kwahiyo kabla ya mtu wa kumi kaa na mhasibu kwanza.

Ile WCF usiipuuze, skrubu ya hii mashine haijui kidole na mbegu.

Hatua ya 8: Sasa ongea na mimi kuhusu mashine ya pili

Kama Machi inakukuta unakamua siku nzima na watu unawaambia warudi kesho, sawa, tafuta. Ila kabla hujalipa hata senti waite TANESCO waangalie transfoma ya mtaani kwenu kama itabeba mota ya pili.