Jinsi ya Kushiriki na Kupata Pointi kwenye Mtandao wa Ndani wa Kazini

Anza na wasifu wako. Weka picha inayoonyesha uso, kitengo chako, na mambo mawili unayoweza kumsaidia mwenzako. Mimi niliandika "mashine ya lebo na hesabu ya stoo", na wiki haikuisha kabla sijaulizwa maswali na watu wa vitengo nisivyovijua.

Soma mapema kanuni za zawadi unazobadilishiwa pointi zako, hasa tarehe ya pointi kuisha muda. Hapo niliumia: nilizilimbikiza nikingoja zawadi kubwa, mwaka ukafungwa, zikafutwa zote. Sasa nazitumia kila robo mwaka.

Nguvu zako zipeleke kwenye kujibu maswali, siyo kubofya "napenda" kila mahali. Kwenye Viva Engage, mtandao wa kazini wa Microsoft uliokuwa ukiitwa Yammer, jibu linaweza kuteuliwa kuwa jibu bora, na anayekuja baadaye na shida ileile analiona. Kwa hiyo andika hatua kwa hatua. Weka picha ya skrini, lakini ficha kwanza majina ya wateja. Siri za wateja haziandikwi hata kwenye kundi la watu watano.

Ukimpongeza mtu, taja alichofanya: "Asante kwa kubaki nasi jana hadi mzigo wote ukahesabiwa." Nililiandikiwa hilo mwenyewe, na bado nalikumbuka kuliko pointi zilizoambatana nalo.

Uliza pia kuhusu kodi. Marekani, kwa mfano, kadi ya zawadi kutoka kwa mwajiri huhesabiwa kuwa mapato.