Jinsi ya kutetea waliofungiwa, kwa mbinu za Dorothea Dix

Kama kuna kituo unakijua watu wanawekwa hovyo, usianze kulalamika mtandaoni, ingia kwanza ndani ukaone. Dorothea Dix, mwalimu wa Massachusetts, Marekani, aliyekuja kuwa mtetezi wa wagonjwa wa akili, Machi 1841 alienda zake kufundisha Biblia wanawake kwenye jela ya East Cambridge, akakuta wagonjwa wa akili wamechanganywa na wahalifu kwenye vyumba havina moto, na baridi ya kule si mchezo, kuuliza anaambiwa eti wehu hawasikii baridi!

Sasa omba kitu kimoja kidogo kinachoonekana. Yeye alienda mahakamani kudai moto tu, na moto ukawashwa.

Afu zunguka, hapa ndo wengi tunachoka. Dada huyu alipita jela na nyumba za maskini mji kwa mji, daftari mkononi, na namna alivyoandika ndo funzo lenyewe. Hakuna maneno ya kuliza watu. Mji wa Lincoln: mwanamke kwenye kizimba. Mji wa Medford: mmoja kafungwa mnyororo, mwingine yuko kwenye kijizizi miaka 17. Basi. Ukiandika "hali ni mbaya sana" mtu anakubishia, ila ukitaja mji na idadi ya miaka atabisha nini, aende mwenyewe akaangalie.

Na usimvamie mlinzi. Dix alisema wazi wengi wao wamekosea kwa kutojua kazi kuliko kwa roho mbaya, mi naona hapo alicheza kama Pele, maana mlinzi ukimgeuza adui kesho hakufungulii mlango.

Tafuta pia wa kukusemea ndani. Wanawake hawakuwa na nafasi bungeni, kwa hiyo Januari 1843 mbunge Samuel Gridley Howe ndo aliyewasilisha ripoti ya Dix kwenye bunge la jimbo, pesa zikatoka za kupanua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester.

Kupigwa chini kupo. Muswada wake wa kutenga ekari zaidi ya milioni 12 kwa ajili ya wagonjwa ulipita Kongresi, yaani bunge la Marekani, 1854 rais Franklin Pierce akaupiga kura ya turufu. Mama akapanda meli kwenda Ulaya, mwaka uliofuata yuko Scotland anakagua walivyofungiwa wa kule.

Na wewe ukifanikiwa, jengo la wagonjwa likishafunguliwa endelea kwenda, tena bila kupiga simu, saa ya chakula, uone kwenye sahani kuna nini.