Soriasisi na Ujauzito: Dawa za Kuacha, Mafuta ya Kupaka na Dalili za Kukimbilia Hospitali

Soriasisi ni ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba na mwasho. Ukiwa nayo na unapanga mimba au tayari ni mjamzito, kabla ya kununua krimu yoyote, kagua dawa ulizo nazo nyumbani. Methotreksati, dawa ya soriasisi, humdhuru mtoto tumboni, hivyo huachwa angalau miezi 3 kabla ya kushika mimba. Asitretini, nayo dawa ya soriasisi, ni mbaya zaidi kwa sababu hukawia kutoka mwilini: baada ya kidonge cha mwisho, subiri miaka 3. Mimba ikikukuta unameza mojawapo, acha na umwone daktari siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Takriban nusu ya wanawake hupata nafuu wakiwa wajawazito, na wengi huhitaji mafuta tu. Oga kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi. Baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti hukushawishi kuoga maji moto sana, nayo huondoa mafuta ya ngozi na kuzidisha mwasho. Jipanguse taratibu, kisha ngozi ikiwa bado na unyevu paka jeli ya petroli isiyo na manukato. Rudia kila inapokauka. Usibandue magamba, kwani ngozi iliyojeruhiwa huota mabaka mapya.

Mabaka yakikaidi, steroidi ya kupaka (dawa inayotuliza uvimbe na mwasho) hufaa, mradi uipime. Hidrokotisoni ya asilimia 1 ni ya uso na mikunjo. Viwiko na magoti huenda vikahitaji yenye nguvu zaidi, kwa agizo la daktari. Kamua mstari kuanzia pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hadi nchani: hiyo ni nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Steroidi kali kama klobetasoli, ikizidi gramu 300 katika ujauzito mzima, imehusishwa na watoto wenye uzito mdogo. Ndiyo maana krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa mitaani zinatutia hofu: baadhi zina klobetasoli isiyoandikwa kwenye kopo, na mama hawezi kuhesabu asichokijua. Usizipake kabisa.

Asidi ya salisiliki, dawa ya kulainisha magamba, usiipake sehemu kubwa ya mwili. Tiba ya mwanga wa UVB ni salama, ila inaweza kupunguza foleti (vitamini iliyomo kwenye vidonge vya foliki), kwa hiyo usikose vidonge vya foliki unavyopewa kliniki, na ufunike uso usipate madoa.

Katika miezi 3 ya mwisho hasa, vipele vidogo vya usaha juu ya ngozi nyekundu, pamoja na homa, kutetemeka au kutapika, ni dharura. Madini ya kalisiamu kwenye damu yanaweza kushuka, na mama na mtoto wako hatarini. Nenda usiku huohuo kwenye hospitali kubwa yenye daktari wa ngozi na wa uzazi, kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Hali hii yaweza kuchochewa na kuacha ghafla steroidi ya vidonge au sindano, kwa hiyo usikubali "sindano ya mwasho" kwenye duka la dawa, kwani huenda ni steroidi.

Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ugonjwa hurudi kwa wengi. Panga miadi ya daktari wa ngozi ungali mjamzito. Ukinyonyesha na titi lina mabaka, paka dawa mtoto akishamaliza kunyonya, na uisafishe kabisa kabla hajanyonya tena.