Kusaka maneno ya Kiswahili kwa Python: chunga ritifaa (')

Chukua sentensi hii, yenye maneno 7:

matini = "Walimu wa Likoni wamevuka ng'ambo, umeme umerudi"

Ita moduli ya re (import re), kisha jaribu ruwaza, yaani muundo wa alama unaoeleza maneno ya kusakwa, ambayo wengi huanza nayo:

re.findall(r"\w+", matini)

Utapata vipande 8, kwani ng'ambo imekatwa ikawa "ng" na "ambo". Alama ya \w hukubali herufi, tarakimu na mstari wa chini, ritifaa haimo. Kwa matini za Mombasa hasara huzidi, maana waandikao Kimvita kwa uangalifu hutumia ritifaa kutenga paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Ukiikata, neno lenyewe limepotea.

Dawa yake:

neno = r"\w+(?:'\w+)*"

Hapa ritifaa hupita pale tu ilipobanwa na herufi pande zote mbili, hivyo alama za kunukuu zinabaki nje. Lakini sawazisha kwanza. Simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda (U+2019), na kwa Python hiyo ni alama nyingine kabisa:

matini = matini.replace("’", "'")

Usisahau r mbele ya ruwaza. Bila hiyo, "\b" si mpaka wa neno tena bali ni alama ya kurudi nyuma (backspace).

Vitenzi ndivyo vyenye kazi. Kiambishi cha nafsi, cha njeo, halafu chochote, pamoja na re.IGNORECASE (isiyojali herufi kubwa au ndogo):

r"\b(?:ni|u|a|tu|m|wa)(?:na|li|ta|me)\w+"

Itanasa wamevuka na umerudi, vizuri. Ila itazoa pia Walimu (wa-li-mu) na umeme (u-me-me). Wanafunzi na mtama wangeingia vilevile. Kuorodhesha nomino za kurukwa ni kazi isiyokwisha. Taja mizizi unayoitaka:

r"\b(?:ni|u|a|tu|m|wa)(?:na|li|ta|me)(?:ni|ku|m|tu|wa)?(?:vuk|rud)\w+"

Kundi lenye ? mwishoni ni la mtendwa. Ndilo linaloruhusu amemrudisha.

Zile ?: ndani ya mabano si pambo. Ukiziondoa, findall haitakupa wamevuka bali ('wa', 'me', '', 'vuk'). Ukiona vijipande vya namna hiyo, anza kukagua mabano.