Mwalimu unayehama jimbo Marekani: jinsi ya kuomba leseni mpya na kupata shule

Leseni ya ualimu ya Marekani hutolewa na jimbo, si na serikali kuu iliyoko Washington. Ndiyo maana mwalimu aliyefundisha Minnesota miaka na miaka, mwenye sifa zote na barua nzuri ya mkuu wa shule, akihamia Texas anaambiwa aombe upya. Hajavuliwa ualimu wake. Jimbo jipya linataka kuona kwa macho yake lile ambalo jimbo la kwanza lilikwisha kuliona.

Nawaandikia walimu wenzangu wa Afrika Mashariki na Kongo mlioko huku, hasa mnaotaka kuhamia Texas, maana wengi wanaelekea huko. Majimbo mengine yana ofisi na fomu zake, lakini safari ni ileile. Kabla ya yote, shika hili: karatasi karibu zote utakazodaiwa zinatoka kule unakoondoka. Anza kuzitafuta ungali unafanya kazi pale, mlango wa ofisi ya utumishi ukiwa hatua chache kutoka darasani kwako na karani anakujua kwa jina.

Hatua ya kwanza: jua una leseni gani, na upo nchini kwa kibali gani

Leseni hazilingani. Minnesota ina ngazi nne. Ngazi ya 1 na ya 2 huombwa kwa kushirikiana na wilaya ya shule inayokuajiri, na zimewekwa kwa ajili ya watu ambao bado hawajatimiza masharti yote. Ya 3 na ya 4 ndizo leseni kamili. Mwenye ngazi ya 1 anaweza kuwa mwalimu hodari kuliko jirani yake wa ngazi ya 4, lakini jimbo jingine likiiona leseni hiyo litamchukulia kama mtu ambaye hajamaliza mafunzo. Kama uko karibu kupanda ngazi, panda kwanza, ndipo uhame.

Utasikia pia kwamba majimbo yana makubaliano ya kutambuana. Yapo. Makubaliano ya zamani yanasimamiwa na NASDTEC, chama cha wakurugenzi wa majimbo wanaoshughulika na mafunzo na vyeti vya walimu. Humo kila jimbo linaeleza ni vyeti gani vya wenzake litavikubali, na bado linabaki na haki ya kudai mtihani au kozi ya ziada. Mapya zaidi ni Interstate Teacher Mobility Compact, yaliyoanza kuwa na nguvu mwaka 2023 majimbo kumi yalipojiunga, yakiwemo Colorado, Kentucky, Utah, Oregon na Florida. Mengine yamefuata. Texas haikuwa miongoni mwa yale kumi. Makubaliano haya yanamsaidia mwenye shahada, aliyemaliza mafunzo ya ualimu yaliyoidhinishwa, na mwenye leseni kamili isiyo na doa. Leseni ya muda au ya dharura haimo.

Suala la kibali wengi huliacha mpaka dakika za mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Mwenye viza ya J-1 ya ualimu, ile ya programu za kubadilishana, yupo chini ya mdhamini wa programu, na hawezi kuhamia shule nyingine bila mdhamini huyo kuidhinisha. Mwenye viza ya kazi ya H-1B amefungwa na mwajiri aliyemwombea, kwa hiyo wilaya mpya lazima iwasilishe ombi lake kabla hujaanza kazi kwake. Si kila wilaya iko tayari kubeba gharama hiyo. Uliza mapema, tena kwa maandishi, na ukaongee na wakili wa uhamiaji kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Mwenye ukazi wa kudumu au uraia aruke aya hii.

Hatua ya pili: kusanya karatasi kabla hujafungasha

Transkripti rasmi za vyuo vyote ulivyosoma, si kile cha mwisho pekee. Nakala ya leseni yako, mbele na nyuma. Matokeo ya mitihani ya ualimu, iwe Praxis au mingineyo. Uthibitisho kutoka jimbo lako kwamba leseni iko hai na haina adhabu. Majimbo mengi siku hizi yanakuruhusu kuichapisha moja kwa moja kutoka tovuti yao.

Waliosomea nyumbani wana kazi ya ziada. Shahada ya Nairobi, Dar es Salaam, Makerere au Lubumbashi lazima ipitie taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, na tathmini inayotakiwa ni ile ndefu inayotaja kila somo, alama na saa zake, si ile fupi inayosema tu kwamba shahada yako inalingana na ya Marekani. Angalia orodha ya taasisi zinazokubaliwa na jimbo unakokwenda kabla hujalipa, kwani tathmini iliyokupitisha Minnesota inaweza kutoka kwa taasisi ambayo haimo kwenye orodha ya Texas. Kama shahada yako ni ya miaka mitatu, ambatanisha na cheti cha kidato cha sita. Mtathmini asiyejua mfumo wetu anahitaji kuiona miaka ile miwili.

Majina nayo yaangalie vizuri. Cheti cha chuo kina majina matatu, kadi ya ukazi ina mawili, leseni imeandikwa jina la babu mahali pa jina la baba, na mwalimu aliyeolewa ana jina la nne kwenye leseni ya udereva. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba watu hao wote ni wewe. Tafuta cheti cha ndoa au hati ya kiapo, ichanganue, uiweke pamoja na nyaraka nyingine, na kila unapotuma maombi tumia jina moja lililo kwenye kitambulisho chako cha serikali.

Karatasi ambayo watu huisahau ni rekodi ya utumishi. Texas ina fomu yake, FIN-115, na wilaya zake huwa tayari kupokea ya jimbo jingine yenye maelezo yaleyale. Ina safu za mwaka wa masomo, cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, asilimia ya siku uliyofanya kazi, idadi ya siku, na siku za ugonjwa, kisha sahihi ya afisa wa wilaya uliyoitumikia. Wewe hujazi. Kwa hesabu ya Texas, mwaka unakuwa mwaka wa uzoefu ukifundisha siku 90 au zaidi kwa kazi ya kutwa nzima. Safu ya siku ikiachwa tupu, mwaka huo unaweza usihesabiwe, na mshahara wako unashuka ngazi. Basi ukikabidhiwa fomu, isome mstari kwa mstari palepale mbele ya dirisha kabla hujaondoka. Kama ulifundisha nyumbani, omba barua ya namna hiyo kutoka TSC, yaani tume ya utumishi wa walimu, au kwa mwajiri wako wa zamani, halafu uiulize wilaya mpya kama itaihesabu.

Hatua ya tatu: omba leseni

Texas kazi hii iko chini ya Texas Education Agency, maarufu kama TEA. Fungua akaunti ya TEAL kwenye tovuti yao, utapewa namba ya utambulisho. Ukiwa ndani, nenda kwenye sehemu ya vyeti vya walimu, uchague ombi liitwalo Review of Credentials, yaani kukaguliwa kwa vyeti ulivyopata kwingine. Lipa ada, kisha tuma nyaraka. Ada hairudishwi, ndiyo maana nimesema karatasi kwanza.

Wakimaliza kukagua, wanakueleza ni masomo na madaraja gani wanayoyatambua na kama kuna mitihani ya TExES, yaani mitihani ya ualimu ya Texas, unayodaiwa. Matokeo ya mtihani uliofaulu kwingine yanaweza kukubaliwa badala yake, kwa hiyo usikimbilie kujiandikisha mtihani kabla hujapata jibu. Hapo unaweza kuomba cheti cha mwaka mmoja kinachokuruhusu kuingia darasani huku ukimalizia kilichobaki.

Alama za vidole hutolewa upya. Zile ulizochukuliwa Minnesota zimebaki Minnesota. TEA hukutumia maelekezo kwa barua pepe, nawe unaweka miadi kwenye kituo. Nawaambia hili walimu wanaofanya usafi wa ofisi usiku au kuosha vyombo ili kuongeza kipato: sabuni kali na klorini hula mistari ya vidole, na mashine ikishindwa kuisoma unaitwa tena, na maombi yote yanasimama kukusubiri. Wiki moja au mbili kabla ya miadi vaa glavu kazini na upake mafuta mazito kila usiku. Siku yenyewe fika na mikono mikavu, bila mafuta.

Kwenye maswali ya nidhamu na makosa ya jinai, sema kweli yote. NASDTEC ina kanzidata ambamo majimbo huandikiana habari za walimu walioadhibiwa. Jambo dogo la zamani lililoelezwa wazi huwa lina njia. Likifichwa na likaja kuonekana, linageuka kuwa udanganyifu.

Hatua ya nne: tafuta shule

Usisubiri leseni mkononi. Wilaya nyingi hukubali maombi ukiwa na namba ya TEA na ushahidi kwamba ukaguzi umeanza. Nafasi huanza kutangazwa mwishoni mwa baridi, na wingi wake uko kati ya Machi na Juni. Shule nyingi za Texas hufungua Agosti, na wiki za mwisho za Julai wakuu wa shule huwa na nafasi zilizoachwa ghafla. Aliyechelewa bado ana bahati yake hapo.

Kila wilaya ina tovuti yake ya ajira, iwe Houston, Dallas au Fort Worth. Jaza maombi ya wilaya, halafu umwandikie mkuu wa shule mwenyewe barua pepe fupi: unafundisha nini, leseni yako imefikia wapi, unafika lini. Kwa maoni yangu barua hiyo ina uzito kuliko fomu yenyewe, kwa sababu kwa kawaida mkuu wa shule ndiye anayesema namtaka huyu. Shule za mkataba, zile za umma zinazojiendesha nje ya wilaya, nazo zina nafasi. Texas inaziruhusu kuajiri wenye shahada wasio na cheti kwa masomo mengi, isipokuwa maeneo kama elimu maalumu. Soma vizuri mshahara na masharti yao.

Hisabati, sayansi, elimu maalumu na Kiingereza kwa wageni ndiyo masomo yenye uhaba karibu kila mahali. Wizara ya Elimu ya Marekani huchapisha orodha ya uhaba ya kila jimbo, itazame kabla hujachagua mji. Na tafadhali, usikifiche Kiswahili chako. Abilene, Fort Worth na Houston zimepokea familia nyingi kutoka Kongo, na shule zao zina watoto wanaoingia darasani bila neno la Kiingereza. Andika juu kabisa kwenye wasifu wako kwamba unazungumza lugha ya nyumbani kwao. Kwenye usaili eleza kwa mfano: mzazi alikuja amefadhaika, ulimsikiliza, mtoto akarudi shule.

Wengi watakusaili kwa video. Andaa somo la dakika kumi unaloweza kulifundisha mbele ya kamera, na uwe na jibu moja la ukweli ukiulizwa kwa nini unahama. Familia, ndugu, gharama za maisha, hali ya hewa: zote ni sababu za heshima. Usiisute shule unayoiacha.

Kabla ya kutia sahihi

Mkataba wa ualimu si wa kuuacha utakavyo. Texas, mwalimu anaweza kujiuzulu bila adhabu mpaka siku ya 45 kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Akiondoka baada ya hapo bila ruhusa ya bodi, wilaya inaweza kumshtaki kwa bodi ya vyeti, na cheti chake kinaweza kusimamishwa. Majimbo mengine yana tarehe zake, kwa hiyo soma mkataba wako wa sasa leo, kabla hata ya kufungua akaunti ya TEAL. Ukiwa umechelewa, omba kuachiliwa kwa maandishi na ungoje jibu.

Tazama jedwali la mishahara la wilaya na uulize utawekwa ngazi gani. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, hilo ni faida. Lakini wilaya zake nyingi hazichangii Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali kuu. Unachangia TRS, mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo, ambao unataka miaka mitano ya utumishi kabla hujawa na haki ya pensheni. Pensheni ya Minnesota usiichukue taslimu kwa sababu ya gharama za kuhama. Ukiwa chini ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida unatozwa adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi. Wenye mikopo ya chuo wanaotegemea msamaha wa walimu, ambao hufika dola 17,500 kwa baadhi ya masomo, wakumbuke kwamba miaka mitano inayotakiwa lazima ifuatane, tena katika shule za watoto wa familia zenye kipato cha chini. Hakikisha shule mpya iko kwenye orodha ya serikali kabla hujakubali.

Bima ya afya iulize kwa tarehe: ya zamani inakoma lini, mpya inaanza lini. Kama kuna pengo na una watoto, panga namna ya kulifunika kabla ya kuendesha gari kusini.

Ukishaanza kazi

Cheti cha mwaka mmoja hakirefushwi. Jiandikishe mitihani iliyobaki mapema, muhula wa kwanza, ili ukianguka upate nafasi ya kurudia. Ukifaulu, rudi kwenye akaunti yako na uombe cheti cha kawaida. Hakitoki chenyewe kwa kuwa tu umefaulu. Hicho hudumu miaka mitano na hutaka saa 150 za mafunzo ya kazini ili kihuishwe, basi weka kila hati ya semina kuanzia ya kwanza. Leseni ya jimbo la zamani ihuishe kama muda wake unakaribia kwisha, mpaka siku utakapokiona cha Texas kimeandikwa jina lako kwenye tovuti ya TEA.