Jinsi ya kusoma Vita vya Msalaba bila kuchanganyikiwa: karatasi moja, rula moja, peni mbili

Kama umeshawahi kujaribu kusoma hivi Vita vya Msalaba, yaani Wakristo wa Ulaya walipokwenda kuupigania Yerusalemu na Waislamu, ukakutana na wafalme watano wote wanaitwa Baldwin, mara Waturuki mara Wakurdi mara Wamamluki, ukaona bora uzime simu ulale, basi tuko wengi. Mi nilikuwa najiona najua. Siku moja niko saluni nasubiri zamu ya kunyoa, ubishi umeshapamba moto, nikaingia kwa mbwembwe nikasema Salahuddin, yule sultani wa Misri na Sham, maisha yake yote alikuwa anapigana na Wakristo tu mpaka akaikomboa Baitul Maqdis. Kuna mzee alikuwa ananyolewa ndevu, hata hakugeuka, akasema, "Kijana wangu, Damascus kaingia 1174, Yerusalemu kaichukua 1187. Hiyo miaka kumi na tatu ya katikati alikuwa anafanya nini?" Nikabaki mdomo wazi. Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine.

Jibu nilikuja kulipata baadae kwa kusoma: sehemu kubwa ya hiyo miaka alikuwa anavutana na Waislamu wenzake. Aleppo aliipata 1183, Mosul ikakubali kuwa chini yake 1186, mwaka uliofuata ndo ikaja Hattin, vita alipowavunja wazungu na kuchukua Yerusalemu. Hao wazungu alipigana nao pia katikati hapo, na 1177 pale Montgisard walimchapa vibaya sana, lakini kama ungekuwa mwanajeshi wake ungekula vumbi la Aleppo kabla hujaiona Yerusalemu. Halafu hata Mwarabu hakuwa, alikuwa Mkurdi mzaliwa wa Tikrit.

Toka siku ile nasoma hivi vita kwa njia ya yule mzee, yaani siulizi tu vita ilikuwa lini, nauliza kati ya vita na vita watu walikuwa wanafanya nini. Nakupa nilivyofanya, jioni moja inatosha kuanza.

Chukua karatasi ya A4, isimamishe kawaida. Upana wake ni milimita 210. Chora mstari wa milimita 196, kila milimita ni mwaka mmoja. Kushoto kabisa andika 1095, pale Papa Urban II alipohutubia Clermont kule Ufaransa na kuwataka watu waende mashariki. Kulia kabisa andika 1291, pale Wamamluki wa Misri, watawala waliotokana na askari watumwa, walipoichukua Akka na mambo ya Wafaranji (hao wazungu) bara Sham, yaani Syria na jirani zake, yakaisha. Sasa weka vidoti: milimita ya 4 Yerusalemu inatekwa (1099), ya 49 Edessa, mji uliokuwa wa Wafaranji, unaanguka kwa Zengi, mtawala Mwislamu wa Mosul na Aleppo (1144), ya 92 Hattin, ya 109 Constantinople, mji mkuu wa Wakristo wa mashariki (leo Istanbul), inaporwa (1204), ya 134 Yerusalemu inarudishwa kwa Wakristo kwa mkataba, ya 149 inapotea tena, ya 165 Wamongolia wanapigwa Ain Jalut.

Halafu peni nyekundu. Paka zile safari kubwa zenye namba, ile ya kwanza 1096 mpaka 1099, ya pili 1147 mpaka 1149, ya tatu 1189 mpaka 1192, ya nne 1202 mpaka 1204, ya tano 1217 mpaka 1221, ya sita 1228 na 1229, ya saba 1248 mpaka 1254, ya nane 1270. Hizo namba zenyewe usizishikilie sana, ziliwekwa na wanahistoria baadae na hawakubaliani wote kuhesabu. Ukimaliza angalia karatasi yako. Nyekundu yote ukiijumlisha haifiki sentimita tatu katika mstari wa karibu sentimita ishirini! Na Hattin, ambayo ndo mechi kubwa kuliko zote, imeangukia kwenye sehemu nyeupe.

Kabla ya kujaza nyeupe, malizana na majina, maana hapa ndo wengi wanapotezwa. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati na mkosi kwa pamoja, kwa sababu miji hii tunayo kwa majina mawili. Aliyekulia na Biblia anasema Yerusalemu, Antiokia, Dameski, Tiro. Aliyekulia madrasa anasema Quds au Baitul Maqdis, Antakia, Dimashki, Sur. Ni miji ileile. Kwenye vitabu vya wazungu Akka utaikuta imeandikwa Acre. Nyuma ya karatasi yako tengeneza kajedwali kadogo, jina hili na jina lile, utajishukuru.

Na watu pia. Waarabu wa wakati ule waliwaita wageni wote Ifranj, yaani Wafaranji, hata kama mtu katoka Ujerumani au Uingereza. Wenyewe hawakujiita wapiganaji wa vita vya msalaba, walijiita mahujaji, waliosema wameuchukua msalaba, na kweli walishona kitambaa cha msalaba kwenye nguo. Neno la Kiarabu la "vita vya msalaba" nalo ni la juzijuzi tu. Kwa hiyo popote kitabu kinaposema "Waislamu" na "Wakristo" we simama uulize wapi hao? Mfano huu hapa: Wafaranji waliondoka kwao wakiambiwa habari za Waturuki, Waseljuki, ambao ndo waliomfanya mfalme wa Constantinople, Alexios, aombe askari. Walipofika Yerusalemu 1099 Waturuki hawakuwemo! Mwaka mmoja nyuma mji ulikuwa umeshachukuliwa na Wafatimi wa Misri, Mashia, maadui wa Waturuki. Na Alexios mwenyewe aliomba askari wa kulipwa akaletewa umati. Binti yake Anna alikuwa na miaka kama 13 wakati umati ule unapita, aliandika habari zao akiwa mtu mzima na chuki haijamtoka.

Sasa peni ya bluu, jaza mapengo. Mi nitakuonyesha machache ninayoyapenda, mengine utachimba mwenyewe.

Pengo la milimita ya 45. Mwaka 1140 Damascus ya Waislamu na Yerusalemu ya Wafaranji walikuwa washkaji. Wote walikuwa wanamwogopa Zengi wa Mosul na Aleppo, wakaungana wakauzingira mji wa Banyas, ulipoanguka Damascus ikawaachia Wafaranji kama ilivyoahidiwa. Halafu 1148 wafalme wa Ulaya wanakuja na jeshi zito kulipiza Edessa, wanakaa kikao, wanaamua wavamie wapi? Damascus! Mji uliokuwa mwenzao miaka michache tu nyuma. Walizingira siku nne wakarudi mikono mitupu, na miaka sita baadae Damascus ikaingia mikononi mwa Nur ad-Din mtoto wa Zengi, kitu ambacho pande zote mbili zilikuwa zinakikimbia toka mwanzo. Ukisoma nyekundu tu hii haieleweki kabisa, unaona kama watu wamerogwa.

Kipindi hichohicho alikuwepo bwana mmoja anaitwa Usama ibn Munqidh, mtu wa familia ya kikubwa kule Shaizar, mpiganaji, mshairi, mwindaji, aliyetumwa mara nyingi kwa Wafaranji kwa shughuli za kidiplomasia. Aliishi mpaka uzeeni akaacha kumbukumbu zake. Anasimulia kwamba akienda Yerusalemu, wale Watempla, mashujaa watawa wa kizungu waliokuwa wamefanya Msikiti wa Aqsa kuwa makao yao, walikuwa rafiki zake, na pembeni kulikuwa na kimsikiti walichokigeuza kanisa, akija wanamwachia nafasi aswali. Siku moja katoa takbira kaanza, Mfaranji mmoja kamrukia, kamgeuza uso mashariki, "Swali hivi!" Watempla wakaja wakamtoa yule mtu. Usama akarudi kuswali, jamaa akavizia wamezubaa, akamrukia tena, akamgeuza tena. Wakamtoa mara ya pili wakamwomba Usama msamaha, wakasema huyu mgeni, kafika juzi tu kutoka kwao, hajawahi kuona mtu anaswali bila kuelekea mashariki. Ukisoma hii mara ya kwanza unacheka. Mara ya pili unaona kuna aina mbili za Wafaranji, wenyeji na wa kuja juzi, na wa kuja juzi ndo wanaoharibu. Iweke alama hiyo, inaeleza nusu ya kilichotokea 1148.

Pengo la milimita ya 89, mwaka 1184. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, anarudi kutoka hija, anatoka Damascus kwenda Akka na msafara wa biashara ili apande meli ya Wakristo. Wakati huohuo Salahuddin ana jeshi limezingira ngome ya Karak! Misafara inapita, mizigo inapita. Akka wanafika forodhani wanakuta makarani Wakristo wamekaa, vidau vyao vya wino vya mpingo vimepambwa dhahabu, wanaandika Kiarabu na kuongea Kiarabu, wanakagua mizigo. Ushuru ulilipwa na maisha yakaendelea. Yeye mwenyewe alikerwa sana kuona wakulima Waislamu wanaishi vizuri chini ya Wafaranji kuliko wenzao chini ya mabwana Waislamu, na hakuficha, aliandika kwa uchungu.

Kitu kingine cha kujifunza kufanya: ukikutana na idadi ya waliokufa, tafuta mwandishi alizaliwa lini. Yerusalemu 1099 watu waliuawa vibaya sana, Waislamu na Wayahudi, hilo halina ubishi, waandishi wa Wafaranji wenyewe walijisifia, mmoja akaandika damu ilifika magotini na kwenye hatamu za farasi, maneno aliyoyachota kwenye Kitabu cha Ufunuo. Ibn al-Athir anasema pale Aqsa tu waliuawa zaidi ya elfu 70. Lakini Ibn al-Athir kazaliwa 1160, miaka 61 baada ya tukio. Mwanachuoni mwingine, Ibn al-Arabi wa Sevilla, aliyekuwa pande hizohizo miaka ileile, anataja elfu 3. Mauaji yanabaki mauaji, ila we sasa unajua namba ipi uishike kwa vidole viwili.

Na usimfanye mtu yeyote malaika. Watu wanapenda kuweka 1099 na 1187 bega kwa bega, na kweli Salahuddin hakuchinja mji, aliruhusu watu wajikomboe, dinari 10 kwa mwanaume na 5 kwa mwanamke. Ila kabla ya hapo Balian, aliyekuwa anaulinda mji, alitishia kuua mateka Waislamu na kubomoa Kuba ya Mwamba kama hawatapewa masharti, na maelfu ya maskini waliokosa hizo dinari waliishia utumwani. Richard wa Uingereza naye wanayemwita Moyo wa Simba aliua mateka kama 2,700 nje ya Akka, Agosti 1191, kwa kuona malipo yanacheleweshwa.

Safari ya nne ukiisoma kama habari ya dini utaumwa kichwa. Isome kama habari ya deni. Wakuu wake walikubaliana na Venice ijenge meli za watu 33,500 kwa mark 85,000 za fedha, wakaja kama theluthi moja tu, hela haikutimia, Venice ikasema basi tusaidieni kwanza kuuteka Zara, mji wa Wakristo, na kutoka Zara dili likazaa dili mpaka Aprili 1204 wakawa ndani ya Constantinople wanapora makanisa. Misri, ambako ndo walikokuwa wanakwenda, wengi wao hawakuiona.

Ya sita ndo ninayompa mtu aanze nayo kama ana uvivu. Frederick II, mfalme ambaye Papa alikuwa ameshamtenga na kanisa, alifika 1228 na jeshi dogo, akakaa na Sultani al-Kamil wa Misri ambaye naye alikuwa na ugomvi wa ndugu huko Damascus, wakaandikiana barua, na Februari 1229 wakakubaliana: Yerusalemu kwa Wakristo miaka kumi, Aqsa na Kuba ya Mwamba zibaki kwa Waislamu. Hakuna mji uliozingirwa. Unafikiri walipongezwa? Al-Kamil alilaaniwa misikitini, Frederick wakati anaelekea bandarini Akka wachinja nyama wa mtaani walimrushia matumbo.

Mwisho, karatasi ya pili. Mstari ukiurefusha kwa kipimo kilekile, milimita ya 403 ni 1498. Watempla walivunjwa 1312, lakini Ureno mali zao zilipewa chama kipya, Chama cha Kristo, mwaka 1319, na msalaba wa chama hicho ndo ulikuwa kwenye matanga ya Vasco da Gama alipotokea Mombasa na Malindi. Nguzo yake yenye msalaba juu bado imesimama Malindi. Milimita ya 410 weka doti jekundu, Wareno wanazivamia Kilwa na Mombasa, 1505. Yangu nimeiunganisha na ile ya kwanza kwa soloteipu, iko ukutani juu ya meza. Kati ya 1291 na 1498 bado kweupe pe, na yule mzee Jumamosi anakuja kunyoa.