Jinsi ya kudai marejesho ya gharama za chakula kwa wanaolea watoto nyumbani kwao nchini Marekani

Hivi karibuni nilimsaidia dada mmoja aliyekuwa akilea watoto wanne nyumbani kwake na kuwapikia kwa fedha zake mwenyewe karibu mwaka mzima, akiamini kwamba msaada wa serikali ni wa vituo vikubwa tu. Kumbe Programu ya Chakula kwa Huduma ya Watoto na Watu Wazima, maarufu kwa herufi CACFP, ambayo hugharamiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani na kusimamiwa na majimbo, huwarudishia hata walezi wa nyumbani sehemu ya gharama za milo. Naandika hapa njia tuliyoifuata, nikichukulia kwamba leseni au kibali cha jimbo lako tayari unacho.

Hatua ya 1: Tafuta shirika mdhamini
Mlezi wa nyumbani hapeleki maombi yake jimboni moja kwa moja. Hupitia shirika mdhamini, yaani shirika linalowasimamia walezi na kuwapelekea malipo yao, na haruhusiwi kuwa na wadhamini wawili kwa wakati mmoja. Omba orodha ya wadhamini katika ofisi ya jimbo inayosimamia CACFP, kisha upige simu kwa wawili au watatu na kuwauliza malipo huingia baada ya siku ngapi. Kabla ya kukusajili, mdhamini atafika kuitazama nyumba yako.

Hatua ya 2: Jua daraja lako
Walezi hugawanywa katika madaraja mawili ya malipo, na la kwanza hulipwa zaidi ya la pili. Utaingia la kwanza ikiwa unaishi katika eneo ambalo angalau nusu ya watoto wanastahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, au ikiwa kipato cha kaya yako hakizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini cha serikali ya shirikisho. Hata hivyo, kama una watoto wako wadogo, peleka uthibitisho wa kipato hata pale eneo lako linapokidhi sharti, kwa kuwa milo ya watoto wako hailipwi bila uthibitisho huo.

Hatua ya 3: Panga menyu
Kifungua kinywa kinahitaji maziwa, nafaka, na tunda au mboga. Chakula cha mchana na cha jioni vinahitaji vitu vitano: maziwa, nyama au mbadala wake, mboga, tunda na nafaka. Kwa kitafunwa, viwili kati ya hivyo vitano vinatosha. Mtoto wa mwaka mmoja hupewa maziwa yasiyopunguzwa mafuta, na wa miaka 2 hadi 5 hupewa yenye mafuta ya asilimia 1 au yasiyo na mafuta, yote yakiwa bila ladha ya kuongezwa. Maharage huhesabiwa ama kama mbadala wa nyama ama kama mboga, si vyote viwili katika mlo mmoja. Ugali unakubalika ikiwa mfuko wa unga unaonyesha kwamba ni wa nafaka nzima au umerutubishwa, kwa hiyo soma maandishi yake kabla ya kulipa. Usikaange chochote kwa mafuta ya kuzamisha, na maandazi yabaki ya wikendi. Nunua vikombe vya kupimia, kwa maana robo kikombe ya mboga ikikadiriwa kwa macho hupungua kila siku.

Hatua ya 4: Andika kila mlo
Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, na mimi pia, ninayelea watoto nyumbani, zilinipotelea. Mama mmoja alibadilishiwa zamu kazini, mwanawe akaanza kuja mchana na kula chakula cha jioni kwangu. Niliandika milo yote kwa ukweli, lakini fomu yake ya uandikishaji, ile ambayo mzazi husaini kila mwaka na kutaja siku, saa na milo ya kawaida ya mtoto, ilikuwa bado inasema kifungua kinywa na chakula cha mchana. Mdhamini wangu wa wakati huo alilinganisha fomu, mahudhurio na hesabu ya milo ya siku tano zilizofuatana, akaona havikubaliani, na milo yote ya jioni ya mtoto yule ikakatwa. Nilitumia jioni mbili nzima nikipekua karatasi ili kuokoa mingine. Tangu hapo, ratiba ya mtoto ikibadilika, mzazi husaini fomu mpya siku ile ile, mlangoni, kabla hajavua koti.

Zipo programu za simu kwa kazi hii, lakini mimi nashikilia karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu mikono yenye unga haishiki simu. Weka alama watoto wakiwa mezani. Usiiweke kabla: mkaguzi akifika saa nne asubuhi akakuta chakula cha mchana kimeshatiwa alama, utapata shida kumshawishi kwamba karatasi nyingine ni za kweli. Kila mtoto hulipiwa milo miwili na kitafunwa kimoja kwa siku, au vitafunwa viwili na mlo mmoja. Kwa hiyo kwa aliyekula kifungua kinywa, mchana, kitafunwa na jioni, dai mchana, jioni na kitafunwa, kwani kifungua kinywa hulipwa kidogo kuliko milo hiyo. Kwa mtoto wako mwenyewe, dai tu mlo ambao ameketi pamoja na mtoto asiye wa kaya yako uliyemwandikisha.

Hatua ya 5: Peleka dai
Dai hupelekwa kwa mdhamini kila mwezi ukiisha, katika tarehe aliyokupangia. Viwango vya malipo hubadilika tarehe 1 Julai. Hifadhi nakala kwa miaka mitatu, na ile ya mwezi huu iwe karibu na jiko, kwa kuwa mdhamini hukutembelea angalau mara tatu kwa mwaka na ziara mbili kati ya hizo huwa hazina taarifa.